Mzee, Bustani au Vitabu: Kundi Lenu Lijifunze Mitishamba kwa Njia Ipi?

Watu wanne watano wakishakubaliana kujifunza mitishamba pamoja, swali la kwanza huwa ni dawa gani waanze nayo. Swali hilo lisubiri. Kwanza amueni mtajifunzia wapi, kwa sababu kila mahali pa kujifunzia pana makosa panayoyafichua mapema na makosa panayoyaficha.

Nimepitia njia tatu, zote nikiwa na wenzangu: kumfuata mzee anayeijua mimea, kulima bustani ya dawa, na kukaa duara na vitabu. Najua kuna watakaosema mchanganye zote. Mwishoni mtazichanganya, ndiyo. Lakini kundi changa lenye saa chache kwa wiki likizianza zote kwa pamoja, miche hukauka, vitabu havifunguliwi, na mzee hukaa akisubiri wageni wasiotokea. Lazima pawe na pa kuanzia, na ndiyo sababu nazilinganisha hapa, swali kwa swali.

Neno moja kabla hatujaendelea. Kujifunza mitishamba si kutibu watu. Mnaweza kuitambua mimea mia na bado msiwe na ujuzi wala ruhusa ya kumpa mgonjwa chochote.

Mtajuaje kwamba mmea ndio wenyewe?

Hapa ndipo ninapotaka mkae kwa muda mrefu kuliko kwingine kote, maana ajali nyingi za mitishamba huanza kabla maji hayajachemka. Huanza kwenye jina.

Chukueni mfano ulio ndani ya Kiswahili chenyewe. Mbono, ambao wengine huuita mbarika, kwa jina la kitaalamu ni Ricinus communis. Mbono kaburi ni mmea mwingine, Jatropha curcas. Mbegu za mimea yote miwili ni sumu. Lakini angalieni tofauti: sumu kali ya mbono, risini, haiyeyuki katika mafuta, hubaki kwenye mashudu, ndiyo maana mafuta yake yaliyotengenezwa vizuri yametumika miaka mingi kulainisha choo. Sumu za mbono kaburi hufanya kinyume, huyeyuka na kuingia ndani ya mafuta. Kwa hiyo mtu aliyesikia kwamba “mafuta ya mbono ni dawa ya tumbo”, akachukua ya mbono kaburi kwa sababu majina ni ndugu, anakunywa sumu huku akiamini anafuata maelekezo.

Kosa la aina hiyo liliwahi kutokea mahali penye madaktari na mashine. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza unene iliwapa wanawake vidonge vyenye unga wa mmea wa Kichina. Uliokusudiwa ulikuwa Stephania tetrandra. Ulioingia ni Aristolochia fangchi. Kwa Kichina mmoja huitwa han fang ji na mwingine guang fang ji, na mizizi ikishasagwa hakuna jicho linaloweza kuitofautisha. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo. Wengi waliishia kwenye mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo.

Sasa tuziweke njia zetu tatu mbele ya hatari hiyo.

Mzee, awe mama au baba, hashindwi kirahisi hapa. Haujui mmea kwa ua lake tu. Anaujua usipokuwa na ua, ukiwa umenyauka, ukiwa gome tu mkononi. Atalikwaruza, atalinusa, atatazama rangi ya utomvu, atakuuliza ulikotoka ulikuwa umesimama bondeni au kwenye mwinuko. Mara ya kwanza nilipomwona mzee akikataa jani ambalo mimi ningeapa ndilo lenyewe, nilimuuliza amejuaje. Akanipa nilinuse la kwake, kisha la kwangu. Hakusema kitu kingine. Lakini ana udhaifu mmoja: jina analotumia ni la kwao. Bonde la pili jina lilelile laweza kuwa la mmea mwingine. Kivumbasi, kwa mfano, ni jina linalobebwa na zaidi ya mmea mmoja wa jamii ya Ocimum. Mkitoka kwake na jina tu, bila kipande cha mmea kilichokaushwa kati ya magazeti, mmetoka na nusu ya somo.

Vitabu vina kinga ya jina. Tangu Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alipoweka utaratibu wa majina mawili mwaka 1753, mmea una jina moja linalofahamika kwa kila anayesoma, na jina hilo ndilo litakalowafungulia kila kilichoandikwa juu yake. Ila picha ya kitabu kwa kawaida hupigwa mmea ukiwa umechanua na kupendeza. Majani ya Symphytum, ambayo watu wa Ulaya wamezoea kuyatumia kwa kukanda maungo, yanafanana na ya Digitalis kabla haijatoa ua. Watu wameyachanganya, na Digitalis husimamisha moyo. Programu za simu za kutambua mimea zina shida hiyohiyo, tena zinajibu haraka mno. Simu hainusi.

Bustani ina jibu rahisi kuliko zote. Mmepanda nini? Ndicho mnachovuna. Mkishapata mbegu au mche kwa mtu anayejua anachotoa, mtauona mmea tangu majani mawili ya kwanza hadi mbegu inapokauka, na baada ya msimu mmoja jicho lenu linakuwa na kumbukumbu ambayo picha haiwezi kuwapa. Kwa utambuzi, kwa kundi lisilojua kitu, bustani ndiyo salama kupita zote. Mzee anaijua mimea mingi zaidi, lakini hatakuwa nanyi kila siku mnapokata jani.

Kipimo na namna ya kutengeneza

Mwaka 1775 daktari Mwingereza William Withering aliulizwa maoni yake juu ya dawa ya familia iliyotunzwa kwa siri na bibi mmoja wa Shropshire. Dawa hiyo iliwasaidia watu waliovimba mwili baada ya madaktari kushindwa. Ilikuwa na mimea 20 au zaidi. Withering alitambua kwamba inayofanya kazi ni mmoja tu, Digitalis. Kuutambua hakukumchukua muda mrefu. Kilichomchukua takriban miaka kumi, hadi alipochapisha kazi yake mwaka 1785, ni kujua kiasi gani kinasaidia na kiasi gani kinaua. Leo dawa iliyotokana na mimea ya jamii hiyo, digoksini, hupimwa kwa maikrogramu.

Nimeisimulia kwa sababu inamweka mzee na kitabu kila mmoja mahali pake. Bila bibi yule, Withering asingejua aanzie wapi. Bila miaka ile kumi ya kuandika mgonjwa mmoja mmoja, dawa ingebaki kuwa bahati nasibu. Mzee hupima kwa konzi, kwa vidole vitatu, kwa kikombe anachokijua yeye. Mkono wake una uzoefu, wenu hauna. Konzi yenu si konzi yake.

Lakini kwenye namna ya kutengeneza, mzee yuko mbele sana. Huu uloweke, huu uchemshe, huu utwange ukiwa mbichi, ule usiutie moto kabisa. Watu hudhani ni madoido. Si madoido. Tu Youyou, mwanasayansi wa China, alikuwa akitafuta dawa ya malaria na dondoo za mmea wa Artemisia annua zilikuwa zikifanya kazi leo, kesho hazifanyi. Alirudi kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa China wa karne ya 4, na kuona sentensi moja: loweka konzi ya mmea katika maji, kamua, kunywa maji yake. Kuloweka, si kuchemsha. Akaelewa kwamba joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa, akatumia njia ya joto dogo, na mwaka 1971 dondoo ikafanya kazi. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015.

Msikimbilie kupanda Artemisia mchemshe chai ya malaria kwa habari hiyo. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba haliungi mkono matumizi ya mmea wenyewe kwa malaria, kwa namna yoyote, kwa kuwa kiasi cha dawa iliyomo hubadilika na mara nyingi hakitoshi kuua vimelea vyote. Malaria iliyopunguzwa nusu hurudi.

Bustani haitawaambia kipimo hata kidogo. Itakachowaonyesha ni kwa nini kipimo cha majani hakitulii. Mnanaa wa tuta moja, uliopigwa jua kutwa, hautoi harufu sawa na ule ulioko kivulini. Majani yaliyochumwa kabla ya maua na baada ya maua si yaleyale. Mkilielewa hilo kwa pua zenu wenyewe, hamtamwamini tena mtu anayesema “majani saba” bila kusema ya lini, makubwa kiasi gani, mabichi au makavu. Na faida nyingine ya bustani ni kwamba ninyi ndio mnaochagua kinachoingia. Pandeni mimea ambayo ukikosea kidogo hujamuua mtu.

Makosa yasiyojionyesha leo

Kuna hoja mtakayoisikia kila mahali: mmea huu umetumika na mababu miaka mingi, ungekuwa na madhara tungejua. Nimeifikiria sana hoja hii kwa sababu ina ukweli ndani yake na ndiyo maana ni hatari. Matumizi ya muda mrefu hufichua sumu ya haraka. Mtu akinywa leo akatapika damu kesho, kijiji kizima kitajua, na mmea utaachwa. Lakini mmea unaochosha ini au figo polepole, au unaopanda saratani itakayoonekana baada ya miaka ishirini, hakuna mzee anayeweza kuuona kwa macho. Aristolochia ile ya Ubelgiji ina ndugu zake waliotumiwa kama dawa Ulaya na Asia kwa karne nyingi. Uzoefu wote huo haukutosha kuwashtaki.

Mzee vilevile huwaona wanaorudi kushukuru. Aliyezidiwa akapelekwa hospitali harudi kutoa taarifa.

Kuna na kosa jingine la kimya: kuchanganya mitishamba na dawa za hospitali. Hypericum perforatum, mmea unaotumiwa na watu wenye huzuni ya muda mrefu, huliamsha ini liziondoe dawa nyingine mwilini haraka kuliko kawaida. Mama aliye kwenye vidonge vya uzazi wa mpango anaweza kushika mimba. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi anaweza kubaki na kiasi kidogo mno cha dawa kwenye damu. Aliyepandikizwa figo anaweza kuipoteza. Wala haumsumbui mtumiaji, anajisikia vizuri. Na mafuta ya mwarobaini, mti ambao jina lake lenyewe linaahidi tiba ya magonjwa arobaini, yamewahi kuwaletea watoto wachanga degedege na kuwaharibu ini.

Katika eneo hili vitabu vinashinda, na vinashinda kwa mbali. Shirika la Afya Duniani lilianza kuchapa mwaka 1999 maelezo ya mimea ya dawa, mmea mmoja baada ya mwingine: jina, sehemu inayotumika, kilichothibitika kwa majaribio, kilichobaki kuwa desturi, nani asiutumie. Kuona “kilichothibitika” na “desturi” vikiwa vimetenganishwa kwenye ukurasa mmoja ni elimu tosha. Someni hivyo. Vitabu vinavyosifu kila mmea kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho viacheni.

Mmea wenyewe unapata nini?

Wanaojifunza kwa vitabu tu hulisahau hili, maana kitabuni gome ni neno. Ukilichuna gome kuzunguka shina lote, mti unakufa, kwa sababu chakula kinachotoka kwenye majani kwenda mizizini hupita humo. Prunus africana, ambao gome lake husafirishwa kwa ajili ya dawa za tezi dume, ulichunwa kiasi kwamba tangu mwaka 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi inadhibitiwa kwa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mzee mwema atawafundisha kuchuna upande mmoja na kumwacha mti apone kabla ya kumrudia. Wengine hawakati mzizi kama wanaona mche mmoja tu. Bustani nayo inafundisha heshima kwa njia yake: tangawizi ina miezi minane hadi kumi ardhini, na ukishaisubiri muda wote huo huwezi kuitupa ovyo.

Kundi lenyewe linafanyaje kazi

Kujifunza pamoja kuna faida moja kubwa, nayo ni kusahihishana. Faida hiyo haiji yenyewe. Katika kila kundi kuna mwenye sauti, na akishasema “huu ni mrehani”, wengine wanne wanauona mrehani. Sisi tulijiwekea sheria: kila mtu anaandika jibu lake kwenye karatasi kabla hajasikia la mwenzake, kisha tunafunua kwa pamoja. Siku ya kwanza, kwa mmea mmoja, watu saba tulikuwa na majibu manne. Hatukuonja kitu siku hiyo.

Kwa mzee sheria hiyo haifanyi kazi vizuri, kwa sababu adabu inawazuia kubishana naye, na ni haki. Hapo kazi ya kundi ni kukumbuka: mmoja aandike, mmoja achore, mmoja akaushe kipande. Kabla ya hayo mwombeni ruhusa, na mwambieni mtakifanyia nini mnachokiandika. Ujuzi wake ni mali yake na ya jamaa zake. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 imeliweka hilo katika sheria za kimataifa, kwamba ridhaa itangulie na faida igawanywe, lakini hata isingekuwepo msingekuwa na haki ya kumrekodi mtu kwa siri.

Kwenye vitabu hatari ni kundi kugeuka darasa la mtu mmoja anayesoma na wengine wanaosikiliza. Gaweni mimea, kila mtu alete wake, na aulizwe maswali magumu. Kwenye bustani hatari ni ile ya kila kazi ya shirika: wawili wanamwagilia, watano wanavuna.

Na popote mlipo, jihadharini na ushuhuda wa “nilikunywa nikapona”. Mafua huisha yenyewe ndani ya wiki moja hivi. Kila ulichokunywa siku ya tano kitapata sifa.

Ningechagua ipi?

Kama yupo mzee karibu nanyi, anayeheshimiwa, asiyeahidi kuponya kila ugonjwa, na aliye tayari kuwafundisha, nendeni kwake kwanza. Nimesema bustani ni salama zaidi na vitabu ni makini zaidi, na siyarudishi maneno hayo. Ila vitabu vitakuwepo mwakani. Udongo utakuwepo. Mzee wa miaka themanini hana ahadi hiyo. Nendeni mkajifunze kutambua, kuchuma na kutengeneza. Kipimo na matumizi yasubiri vitabu. Dalili ya kuondoka kwake ni moja: akimwambia mgonjwa aache dawa za hospitali, ageni kwa adabu msirudi.

Kama hakuna mzee, anzeni na bustani, tena ndogo. Mimea mitano inatosha mwaka mzima: tangawizi, mchaichai, mnanaa, mrehani na mshubiri. Kila mmoja una somo lake. Tangawizi ina ushahidi mzuri kwa kichefuchefu, na majaribio mengi yametumia takriban gramu 1 kwa siku, kwa hiyo ni mmea mzuri wa kuanza kusoma nao majaribio. Mnanaa hutuliza msokoto wa tumbo lakini humzidishia mwenye kiungulia, kwa kuwa hulegeza mlango wa juu wa tumbo; upandeni kwenye kopo, la sivyo utameza tuta zima. Mshubiri ukiukata mtaona vitu viwili: ute mweupe wa ndani unaopakwa kwenye ngozi, na maji ya manjano yaliyo chini ya ganda yanayoharisha vibaya. Jani moja, kazi mbili, na anayezichanganya hulala chooni.

Kama mnaishi mbalimbali na mnakutana kwa simu tu, vitabu vitawafaa, kwa sharti kwamba kila mmoja apande mimea mitatu ileile nyumbani kwake, ili mnaposoma juu ya mnanaa kila mtu awe na jani la kusugua mkononi.

Na kama kati yenu yupo mjamzito, anayenyonyesha, mwenye presha, kisukari, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au dawa yoyote ya kila siku, basi hata mkianzia kwa mzee au bustanini, huyo asionje kitu hadi mfamasia aone orodha yenu. Mtafuteni mfamasia mmoja mapema awe rafiki wa kundi. Tulipompelekea wetu karatasi yenye mimea mitano alitubakiza kwa saa nzima, akaona tuna tangawizi kwenye orodha na mwenzetu anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda, akaweka mstari chini ya neno tangawizi kwa kalamu nyekundu.

Kwa mzee msiende kundi zima siku ya kwanza. Nendeni wawili, mikono mitupu bila daftari, mkamsalimie na kumweleza mnachotaka. Akikubali, atawaambia mwenyewe siku ya kurudi na nani aje.